Umande wa Tumbaku Haukomazi Mtoto

Mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alinipigia simu mwishoni mwa Oktoba. "Shikamoo dada." "Marahaba." Baada ya kuulizana habari za nyumbani alifika kwenye shida yake. Kijana wake ana miaka 15, kutwa yuko kwenye kochi na simu, akitumwa dukani ananuna, na likizo ya Desemba inakaribia. "Nataka nimlete Urambo, akashike jembe kwenye tumbaku ya kaka. Akirudi huku atakuwa mtu. Sisi si tulikomazwa hivyo hivyo, dada?"

Nilimwambia nitampa jibu. Jibu langu ni refu kuliko simu, na lile neno "sisi" lilinikwama. Mdogo wangu alichukuliwa na mama mdogo akasome Tabora mjini mwaka 1989, akiwa na miaka sita. Hajawahi kuchuma jani hata moja la tumbaku. Wala hadanganyi: anaamini kwa moyo wote kwamba tumbaku ndiyo iliyomlea.

Imani hiyo si yake peke yake. Nimeisikia kwenye mahafali, msibani, kanisani, na kwa abiria wenzangu safarini: kazi ngumu ya shamba humjenga kijana, na kadiri inavyochosha na kuchukiza ndivyo inavyojenga zaidi. Vijana wa leo wamelegea kwa sababu hawakuipitia. Methali zake zipo tayari, samaki mkunje angali mbichi, mchumia juani hulia kivulini. Wanaoyasema haya ni watu wema wanaowatakia watoto wao mema, na ndiyo maana nataka kuwajibu kwa utaratibu. Mimi niliipitia kazi hiyo. Nashikilia kwamba ugumu wenyewe haukunifundisha lolote, na kwamba kijana anayeuchukia mara nyingi ameuelewa vizuri kuliko sisi tunaomsukuma.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoisifu hawajui inavyofanywa. Tumbaku ya kwetu ni ile ya mvuke. Huanzia kwenye vitalu wakati wa kiangazi, watoto wakibeba ndoo za maji asubuhi na jioni. Mvua zikishika, Novemba na Desemba, miche huhamishiwa kwenye matuta. Hufuata palizi, mbolea, kukata maua ili nguvu ya mmea ibaki kwenye majani, kisha kung'oa maotea ambayo ukiyang'oa leo wiki ijayo yamechipua tena. Kuanzia Januari majani ya chini huiva. Mche hauivi wote kwa mara moja. Unachuma majani mawili matatu, unaupita, wiki ijayo unaurudia. Shamba zima hupitiwa hivyo, tena na tena, mpaka Aprili. Ukiihesabu miezi hiyo kwa kalenda ya shule, ni muhula wa kwanza karibu wote.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 14, darasa la sita. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa kuwa bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, lilipaswa kujaa siku hiyo hiyo. Saa hizo jani limelowa umande. Unainama mpaka kidevu kinakaribia magoti, unachuma kwa mkono wa kulia, unabana kwapani kushoto mpaka kwapa lijae, unakwenda kutua, unarudi. Kufika saa mbili gauni limenigandia mwilini kuanzia kifuani hadi magotini, na maji yanayonichuruzika yana rangi ya chai. Utomvu wa tumbaku hunata mikononi, ukikauka unakuwa mweusi kama lami. Sabuni haiutoi. Tulisugua kwa mchanga na majivu, na bado ugali wa mchana ulikuwa mchungu, kwa sababu uchungu ulikuwa vidoleni.

Kisha kilikuja kichefuchefu. Kwanza mate yanajaa mdomoni, halafu kichwa, halafu matuta yanaanza kuzunguka, jasho la baridi, na unatapika palipo wazi ili usichafue majani. Nyumbani tulisema fulani "amelewa tumbaku". Alilazwa chini ya mti, akapewa maji, kesho yake akarudi mstarini. Mimi nililewa mara nyingi kuliko wenzangu, nikajihesabu dhaifu. Wakubwa waliniambia, "Utazoea."

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ulevi ule ni sumu, na kwamba madaktari wa Florida, Marekani, walikuwa wameuandika mwaka 1970, miaka saba kabla sijazaliwa. Nikotini iliyo kwenye jani huyeyuka ndani ya umande au mvua, ikapenya ngozi na kuingia kwenye damu. Kwapani ngozi ni laini na yenye joto, mahali pabaya kuliko pote pa kubana jani bichi. Mtoto huumia zaidi kwa kuwa mwili wake ni mdogo na haujazoea nikotini. Hata lile neno "utazoea" nililielewa upya: anayezoea ni yule ambaye mwili wake umeshajifunza kuibeba sumu, kama wa mvuta sigara.

Mchana kazi iligawanyika. Sisi wasichana tulikaa chini kufunga majani kwenye fito, fito baada ya fito, mpaka giza, kisha maji na jiko vilitungoja. Kaka yangu mkubwa, miaka 16, alikuwa mtu wa bani. Kukausha tumbaku huchukua karibu wiki nzima, usiku na mchana. Joto huanzia nyuzi 35 hadi 40 majani yageuke manjano, halafu hupandishwa kidogo kidogo mpaka karibu 70 ili uti wa jani nao ukauke. Ukisinzia na moto ukashuka, majani yanaharibika. Ukichochea kupita kiasi, yanaungua, na bani lenyewe linaweza kuteketea. Baba alimwachia kaka jukumu hilo kwa sababu alimwamini, na kaka hakumwangusha. Usiku alikuwa mdomoni mwa tanuri, macho mekundu kwa moshi. Asubuhi, siku ambazo alikwenda shule, alilala juu ya dawati. Mtihani wa darasa la saba alikuwa ameshaufanya mara moja na kurudia darasa. Hakuufaulu mara ya pili.

Watu husema pale ndipo tulipojifunza uvumilivu. Nimejichunguza kwa uaminifu na sikuoni huko kujifunza. Tulivumilia kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine, na mlango ulipofunguka tulipita. Mimi nilipata nafasi ya sekondari, nikaenda bila kugeuka nyuma. Karibu kila niliyechuma naye alipopata shangazi mjini, fundi wa kumfundisha ushonaji au nauli tu ya treni, aliondoka. Kama ile ingekuwa shule ya tabia, basi ni shule ambayo wahitimu wake hawataki kuiona tena.

Tazama pia ni nani anayepewa kipaza sauti. Mkurugenzi husimama mbele ya wanafunzi akasema, mimi nililima, nilichunga, nilitembea pekupeku, na leo mnaniona. Wanafunzi wanapiga makofi. Waliolima naye mstari mmoja, wakatapika naye chini ya mti mmoja, na leo bado wako mstarini, hakuna anayewaita kwenye mahafali kueleza jinsi walivyokomazwa. Tukiwahesabu wote, aliyetoka na waliobaki, kazi ile haiwezi kuwa ndiyo iliyomtoa. Alitoka kwa ada iliyolipwa na mtu, kwa mwalimu aliyemng'ang'ania, kwa kichwa chake, au kwa bahati ya kuzaliwa mtoto wa mwisho, kama mdogo wangu.

Kaka bado analima tumbaku, heka tatu, pale pale. Katika ukoo wetu hakuna anayeijua kazi hii kama yeye. Ana binti wawili, na kwenye nyumba yake kuna amri moja isiyojadiliwa: hakuna mtoto kuingia kwenye tumbaku kabla umande haujakauka. Siku ya mvua hawaingii kabisa. Amri hiyo inamgharimu, kwa sababu saa za asubuhi ndizo za kuchuma, na humlazimu kutafuta kibarua wa kumlipa. Nilipomuuliza kwa nini, aliniangalia kana kwamba nimesahau jina langu. "Wewe si ulikuwa unatapika?"

Sasa ile methali. Mchumia juani hulia kivulini: nimeambiwa maneno hayo tangu nikiwa na miaka saba, na nimeyafikiria sana. Yule anayechuma juani na yule anayekula kivulini ni mtu mmoja. Methali inamuahidi mchumaji mwenyewe. Ukimtenganisha na mlaji, haibaki ahadi tena, na hapo ndipo tumbaku ilipotufikisha. Mbolea, dawa, mbegu na nyuzi vilichukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika kabla ya mvua. Siku ya soko mteuzi alipita kwenye safu ya marobota, akafungua, akagusa, akataja daraja, na kila daraja lina bei yake. Doa dogo lilitosha kulishusha robota ambalo kaka alilikeshea usiku sita. Makato ya mkopo yalitangulia, kilichobaki ndicho kilichokuwa chetu. Baba alirudi na karatasi aliyoikunja mara nne mfukoni. Hakutuonyesha, nasi hatukuthubutu kumuuliza. Mwaka ule tulipata kandambili kila mmoja, na mama kitenge.

Simlaumu baba. Nadhani aliikunja karatasi ile kwa aibu, na aibu haikuwa stahili yake. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka 14 huwa anafanya hesabu hata asipofundishwa. Aliona nguvu zake zimeingia shambani na hakuona zilikotokea. Somo alilotoka nalo ni kwamba juhudi na malipo havijuani. Ukitaka kumharibu mfanyakazi wa kesho, mfundishe hilo mapema.

Nikisema hivi, wazee hunikumbusha Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea. Nashukuru wakiitaja, kwa kuwa iko upande wangu. Katika andiko lile la Machi 1967, Mwalimu, ambaye mwenyewe alisoma Tabora na baadaye akafundisha Tabora, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua kitakacholimwa na namna ya kulima, hesabu ziwe wazi kwao, wajue kwa nini mbolea hii na si ile, na mapato yaonekane katika maisha yao pale shuleni. Alieleza shamba ambalo kijana ana kauli ndani yake. Wengi wetu tulichokutana nacho ni jembe begani na mavuno yasiyojulikana yalikokwenda. Kibaya zaidi lilikuwa jembe la adhabu. Umechelewa? Kang'oe kisiki. Umezungumza darasani? Kalime matuta kumi. Shule hiyo hiyo ilikuwa imeandika ukutani kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka saba kwamba jembe ni adhabu, akiliacha akiwa mkubwa, hajaasi malezi, ameyafuata.

Uvivu nao tuutazame kwa macho mawili. Vijana wa Urambo wanaosemwa kwamba wanakimbia kazi ngumu nawaona kila ninapokwenda. Wako kwenye bodaboda tangu alfajiri mpaka usiku, kwenye barabara za vumbi. Wako kwenye mashimo ya dhahabu. Kiangazi wako mabondeni na bustani za nyanya na kabichi, wakimwagilia kwa ndoo kutoka kwenye visima walivyochimba kwa mikono, mgongo umepinda vile vile kama wetu. Kazi hizo si nyepesi, nyingine ni za hatari, na za mashimoni simtakii mtoto yeyote. Zinathibitisha hata hivyo kwamba ugumu hauwakimbizi. Jioni kijana wa nyanya anajua ameuza matenga mangapi na fedha iko wapi. Hilo tu.

Nami nina ushahidi wangu mwenyewe, wa mwaka uliofuata ule wa 1991. Mama alinipimia robo heka kando ya shamba la mahindi, akaniambia, "Hii ya kwako, panda karanga." Urambo na karanga zina historia: ni mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ambako Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 wakiwa na ndoto ya mashamba ya karanga makubwa kupita yote, na mwaka 1951 mradi ukafa, na tumbaku ikaja kushika ardhi waliyoifyeka. Mimi nilikuwa na jembe la mkono na mbegu za debe la mama. Nilijifunza kuwahi mvua za kwanza, kupanga nafasi kati ya shimo na shimo, kupalilia kabla maua hayajashuka ardhini na kuacha kabisa yakishashuka. Kung'oa kuliniumiza mgongo. Kumenya kuliniondoa ngozi ya vidole gumba. Tulipouza, mama alinihesabia fedha mbele yangu, noti kwa noti, akaniachia. Nilinunua sare na daftari, nikabakiza.

Msimu ule niliamka kabla ya jogoo bila kuamshwa. Mikono ni ile ile, jua lile lile, mtoto yule yule aliyeitwa mlegevu mwaka mmoja nyuma. Ninayoyajua leo kuhusu ardhi, na upendo wangu kwa kilimo, maana ninakipenda, vilitoka kwenye robo heka ile. Kwenye heka nzima za tumbaku nilitoka na kikohozi na chuki ya harufu ambayo mpaka leo hunigeuza tumbo nikipita karibu na ghala.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, na sitaikwepa: familia maskini haina wa kumlipa, watoto wasiposaidia njaa itaingia. Ni kweli. Makadirio ya ILO na UNICEF ya mwaka 2020 yalihesabu watoto milioni 160 duniani walio katika utumikishwaji, asilimia 70 yao kilimoni, na zaidi ya saba kati ya kumi wakifanya kazi hizo ndani ya familia zao wenyewe. Mwajiri wao ni baba na mama wenye mapenzi na deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 mahali pa kazi za hatari, na inataja kilimo waziwazi. Ila kwenye shamba la nyumbani nani atamshtaki nani?

Lakini hoja ya njaa ni ya lazima, na lazima tuiite lazima. Mtu akisema, "Mwanangu, sina namna, nisaidie," amesema ukweli, na mtoto hubeba mengi kwa ukweli. Akisema, "Nakukomaza," ameugeuza upungufu kuwa zawadi, na hakuna tena anayeuliza kwa nini bei ya kilo ya tumbaku haitoshi kumlipa mtu mzima mwenye buti na koti la mvua. Sifa za kazi ngumu ndizo zinazoufanya mkono wa mtoto usiwe na bei. Wala si umaskini wa Afrika peke yake. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuhoji watoto 141 waliofanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku ya North Carolina, Kentucky, Tennessee na Virginia, katika nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote, na karibu robo tatu walieleza dalili kama kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kizunguzungu, yale yale ya chini ya mti wetu. Sheria ya Marekani inamruhusu mtoto wa miaka 12 kufanya kazi shambani nje ya saa za shule wazazi wakiridhia. Huko nako wapo wanaosema kazi ya shamba hujenga tabia.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia kijana aje, mimi shangazi yake nitafurahi kumpokea. Kwenye tumbaku hataingia. Mama atampimia robo heka, ataandaa ardhi mwenyewe na kupanda karanga mvua zikiwa zimeshika, na atapata daftari la kuandika mbegu alizokopa kwa bibi yake na siku alizofanya kazi. Akirudi shule Januari, palizi itakayobaki tutaifanya sisi na kumwandikia gharama. Juni akija likizo atamenya na kuuza, na fedha itahesabiwa mbele yake.

"Kwa hiyo bani hataliona?"

Nilimwambia msimu wa bani utakuwa haujaanza, ila ataenda kukaa jioni moja na baba yake mkubwa pale mdomoni mwa tanuri, amsimulie. Na yeye mdogo wangu akija kumleta, akae asikilize pia.

Mama ameshachagua kipande, karibu na mwembe, na ameanza kutenga mbegu. Kaka aliposikia aliuliza kama binti zake nao wanaweza kupata. Juzi mama aliwapimia, kila mmoja robo heka, mpakani na cha kijana.